Mwambie Upepo, Usimwambie Fimbo

Mwanangu Nassur,

Natumai unapousoma waraka huu meli imeshatoka bandarini na Moroni iko nyuma yako. Ndivyo nilivyomwagiza mama yako: aushone ndani ya mto wako, kisha wakati wa kuagana akunong'oneze kwamba usiufungue mpaka uone maji pande zote. Nimeandika kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyokufundisha wakati ule ulipokuwa ukilalamika kwamba lugha niliyoileta kutoka bara haina kazi visiwani kwetu. Leo imepata kazi. Kapteni mzungu anasoma Kifaransa, na vijana wake wa kambini wanasoma anachowasomea yeye. Mtu akichungulia begani mwako, mwambie ni baba yako anakuusia juu ya fimbo za gofu. Hutakuwa umesema uongo, maana nitaanza na fimbo.

Mambo ya kula, kuvaa na kulala mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na ya kusali unayajua. Mimi nilichobaki nacho ni hofu, nami naisema waziwazi kwa sababu hukuwahi kunisikia nikiisema. Tangu Kapteni aseme kwamba anahamia Mutsamudu, kisiwa kingine, kuwaongoza walinzi wa huko, na kwamba anakutaka uwe mtu wake wa nyumbani na wa uwanjani, usiku naamka kukutazama ulivyolala. Naogopa utakwenda umembebea mfuko wa fimbo, urudi umembebea bunduki. Na siku utakayorudi hivyo, mji huu hautakujua tena.

Ujue kwanza nilivyoingia katika kazi hii. Kabla hujazaliwa nilikaa Dar es Salaam kwa wajomba zangu, Wangazija waliokuwa wakiuza nguo, na karibu na bahari palikuwa na uwanja wa gofu. Nikawa kedi, yaani mbeba fimbo. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyopenda duka. Mjomba alisema nimezaliwa kutembea nyuma ya watu. Nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni mzaha.

Kule ndiko nilikojifunza ugomvi wa fimbo mbili pale unapopiga mpira wa kwanza. Moja ni draiva. Hiyo ndiyo ndefu kuliko zote, kichwa chake kinene, uso wake karibu umesimama wima. Ukiipatia, mpira unakwenda jicho lisikofika. Ukiikosea kidogo tu, mpira unakwenda mbali vilevile, ila si unakotaka wewe. Nyingine ni mbao ya tatu. Hiyo ni fupi kidogo, uso wake umelala, mpira wake unapanda upesi na kushuka mapema, na mara nyingi unaukuta palepale ulipotazamia. Mbao ya tatu haikupi sifa, inakupa mpira wa kupiga tena. Wakubwa wa kazi kule Dar walitufundisha kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili, na nusu shari waliyokuwa wakiisema ndiyo hiyo mbao.

Wewe hujaipenda hata siku moja. Nakumbuka ulivyoishika mara ya kwanza kama mtu aliyepewa shingo ya kuku wakati mapaja yapo. Mipira uliyoizika katika mawe meusi ya mlima wetu, mtu akiichimbua atadhani kuku wa mji mzima walikuwa wakitagia huko.

Basi wazungu wa bunduki walipokuja wakaishika nchi, hao mamluki ambao watu hawawataji kwa sauti, wakajikatia uwanja wao katika minazi juu ya Ntsoudjini. Unaujua. Mashimo sita, mbuzi katikati, na mahali pa kumalizia ni mchanga uliomwagiwa mafuta ili usipeperuke. Walipouliza nani anaijua kazi hii, nilikuwa peke yangu niliyeijua. Nikaenda kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilidhani gofu ni gofu.

Shimo la nne ndilo lililonifundisha. Kushoto mawe meusi, kulia barabara, na alfajiri barabara imejaa wanawake wa Ntsoudjini wanaoshuka sokoni Volo Volo na ndizi na mihogo kichwani. Katikati pamebaki ukanda wa majani mwembamba. Kedi yeyote wa Dar es Salaam angekuambia pale ni mbao ya tatu, hakuna mjadala. Na Kapteni mpira wake huwa unapinda kwenda kulia, barabarani.

Lakini sisi, Nassur, tuna ugonjwa wetu. Mtu mkubwa hatumpi kitu cha pili. Kwenye harusi kubwa nyama inagawiwa kwa daraja, na anayempelekea mwenye cheo fungu la mwenye umri mdogo amewasha fitina ya mwaka mzima. Kwa hiyo mimi, niliyeijua fimbo inayofaa, siku ya kwanza pale la nne nilimtolea Kapteni draiva, nikaishika kwa mikono miwili kama sinia. Nilikuwa nampa heshima. Kumpa mbao mbele ya wageni wake ilikuwa kumwambia, Kapteni, hili limekushinda. Mpira ukaruka juu ya barabara, ukapita vichwani mwa wanawake, wakalala chini na mizigo yao. Hakuna aliyeumia. Kapteni alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikajiuliza kwa nini hakunikemea. Baadaye ndipo nilipoelewa: draiva aliitaka mwenyewe moyoni, kwa hiyo kosa halikuwa na mtu wa kulibeba.

Sasa sikiliza habari za Hamadi wa Ikoni, kedi mwenzangu. Ulimjua uwanjani ukiwa mdogo, alikuwa akikutania kwamba masikio yako yatakufikisha mbali kabla ya miguu. Alikuwa mkweli, tena mkweli wa kupita kiasi. Siku moja Kapteni ana wageni kutoka nje, wamefika la nne, akamgeukia Hamadi.

"Draiva au mbao?"

"Mbao, Kapteni," Hamadi akasema. "Draiva itakwenda barabarani. Yako huenda barabarani siku zote."

Wageni wakacheka. Kapteni akaipokea mbao, akapiga vizuri, mpira ukatua katikati ya majani, safi kabisa. Kisha mgeni mmoja akapiga draiva yake, mpira ukampita Kapteni mbali sana, na mchezo akauchukua yeye. Fimbo ilikuwa sahihi, Nassur. Nilikuwepo. Ningeapa juu ya msahafu kwamba ilikuwa sahihi. Hamadi aliitwa kambini kabla ya magharibi, na tulipomwona tena uso ulikuwa umevimba upande mmoja, anakunywa uji kwa pembe ya mdomo.

Tangu siku ile nikatengeneza ufundi wangu, ule niliokufundisha nawe ukiuona ni uchawi. Pale pa kupigia, usiseme fimbo. Fikia mapema, simamisha mfuko ili draiva na mbao zimwelekee yeye, zifute zote mbili kwa kitambaa kilekile, wala usiguse moja mara mbili. Akikuuliza, mwambie upepo. Mwambie upepo unatoka mlimani. Mwambie ardhi ni kavu, mpira utabingirika. Mwambie shimo liko kushoto ya mnazi uliopinda. Kisha nyamaza, utazame chini. Atachagua mwenyewe. Akipatia, amepatia yeye, na akikosea, amekosea yeye. Kwa ufundi huo nimekaa na wazungu wale miaka yote hii na hakuna aliyeniinulia mkono. Wenzangu wananisifu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nyumbani kwetu kicheko hakijakosekana.

Nilitaka kukupa ufundi huu uende nao Mutsamudu. Nilianza barua hii kwa nia hiyo, wallahi. Nimefika hapa nimeuona ulivyo na sitaki uende nao.

Maana hadithi ya Hamadi haikuishia usoni. Alipopona, Kapteni hakumfukuza. Alimwita, akampa dawa, akampa sigara, akampa sare. Alimwambia, wewe unajua kusema kweli, nataka mtu kama wewe. Mtu aliyekupiga akikufuta damu kwa mkono wake mwenyewe, akili inachanganyikiwa. Hamadi akavaa. Muda si muda walinzi wakaingia Ikoni kuwatafuta wanafunzi waliokuwa wakigawa makaratasi ya kuisema serikali, na aliyekaa mbele kwenye gari la jipu, akionyesha milango, alikuwa Hamadi. Milango ya watu waliomlea. Aliulizwa hii au ile, naye akasema kweli.

Ukipita Ikoni utamwona akienda bangweni, pale uwanjani wanapokaa wanaume. Anainama mbele ya wazee, anasema, "Kwezi," kama inavyompasa mdogo kumwamkia mkubwa. Hakuna anayemjibu, "Mbona." Wanaendelea na maneno yao kana kwamba ni upepo uliopita. Dada yake alipoolewa mji mzima ulialikwa, na hakuja mtu. Mama yako alipita pale kesho yake, akaniambia pilau lilikuwa bado masufuriani, limechacha, na mama mtu amekaa kando yake na mwiko mkononi. Hamadi hana umri hata wa kuwa mjomba wa mtu, na ameshakufa akiwa anatembea. Kisha nakumbuka kwamba siku ile kosa lake lilikuwa kutoa fimbo sahihi, na sijui tena nimwambie nini mwanangu.

Usidhani Kapteni ni mbaya kila siku. Angekuwa mbaya kila siku ningejua la kufanya. Mama yako alipougua ini ni yeye aliyeleta daktari wa kambini, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wewe anakupenda, hilo naliona, na ndilo linaloniogopesha zaidi kuliko kama angekuchukia. Alimpenda Hamadi pia.

Nifike sasa kwenye siku yenyewe. Ulikuwepo, lakini hukuyasikia yote. Tulikuwa la nne, asubuhi, barabara imetulia. Kapteni akakupa draiva yake upige kwa mchezo tu. Ukapiga. Ee mwanangu, mpira ule! Ulipita juu ya minazi, ukaendelea kupanda wakati wa kushuka ulikwisha fika, ukaanguka karibu na mchanga wenyewe. Nilisahau kila kitu nikasema mashallah kwa sauti. Ningeuza nyumba, kama ingekuwa yangu na si ya mama yako, nikuone ukipiga hivyo mara ya pili. Kapteni aliutazama mpaka ukatulia. Kisha akakuwekea mkono shingoni, akakutuma ukautafute mpira, na ulipokwisha kwenda akanigeukia.

"Mzee," akasema, "huyu nimchukue Mutsamudu, au nimwache hapa?"

Aliniuliza kwa sauti ileile. Hii au ile. Na ulimi wangu ukafanya ulichozoea. Nikasema, "Ni kijana mwenye afya, Kapteni. Hajawahi kutoka kisiwani. Mama yake hajapata kulala bila yeye." Nikatazama chini.

"Basi," akasema. "Namchukua."

Nilimwambia upepo. Ananiuliza juu ya mtoto wangu wa kiume wa pekee, nami ninamweleza ardhi ilivyo kavu. Amechagua yeye, mimi sikuchagua, hakuna wa kunilaumu mjini wala kambini, hata mama yako hakunilaumu kwa maneno. Alinitazama tu, akaendelea kupepeta mchele. 

Kwa hiyo sikiliza, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Usiende kwa Kapteni. Meli ikifika Mutsamudu gari lake litakuwa gatini na askari wawili. Usishuke na vijana. Shuka katikati ya wanawake wenye mabunda, na mama mmoja atakupa kikapu chake ukibebe, atasema, "Shika vizuri, mwanangu, kuna mayai." Huyo ni shangazi yako Zainaba, dada yangu. Hutamtambua, amejifunika shiromani kama wanawake wote wa kule, na mara ya mwisho alikuona ukiwa unatambaa. Yeye atakutambua kwa masikio. Nimempelekea habari kwa mdomo wa mchuuzi wa Volo Volo anayekwenda na kurudi, na jibu limekuja. Mfuate usimpite. Mji mkongwe wa Mutsamudu una vichochoro ambavyo mkono wa kulia unagusa ukuta huu na wa kushoto ukuta ule, jipu haliwezi kuingia, na askari wa Kapteni ni wageni kule kuliko wewe. Mume wa shangazi yako ni Fundi Abdou, mwalimu wa dini. Atakukalisha na wanafunzi wake, kofia kichwani, kitabu mapajani, mpaka apate chombo cha kukuvusha kwenda kisiwa cha Maore, ambako mkono wa Kapteni haufiki. Wanafunzi wake watakuuliza umetoka wapi. Waambie kweli kidogo.

Mfuko wa fimbo uache melini. Najua utataka kuichukua hata ile draiva tu. Iache. Kijana mwenye fimbo ya gofu anaonekana Mutsamudu nzima kabla hajafika msikitini. Na waraka huu ukishaushika kichwani uchane, uutupe baharini.

Naogopa bahari, naogopa gati, naogopa askari wawili wale, naogopa Zainaba ataumwa siku hiyo asije. Nimekaa nikiwaza kila kitakachoharibika, na kila nikimaliza kinazuka kingine. Mara mbili nimetaka kuuchana waraka huu nikuache uende kwa Kapteni ukale mkate wake, maana huko nina hakika utakuwa hai. Mama yako ndiye aliyenizuia. Aliniambia, "Hamadi yu hai. Kamwulize mama yake."

Tumebishana jambo moja tu, nitamjibu nini Kapteni. Habari zikimfikia kwamba hukushuka mbele ya askari wake, atauliza kwa redio, na mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi. Mama yako alisema, sema hujui, mtoto amepotea njiani, lia kidogo, wewe machozi yako yako karibu. Nikalifikiria. Lakini nikisema sijui, wewe ndiye uliyetoroka, na atakutafuta wewe. Miaka yote hii nimejifunza kitu kimoja juu ya mtu yule: kosa lazima lipate mwenyewe. Basi linipate mimi. Nitamwambia ni mimi niliyekuzuia, kwamba nimekukataza kwenda kwake, na uliko sitasema. Akitaka kuniita kambini nitakwenda kwa miguu yangu. Dada zako tumekwisha kuwapeleka kwa bibi yao.

Ila neno hapana sijapata kumwambia mzungu yule, kwa Kifaransa wala kwa lugha yoyote, na niliogopa lisije likakwama. Kwa hiyo jioni hii, tulipokwisha kusali, mama yako akavuta kiti akakaa anavyokaa Kapteni, miguu mbali mbali, mkono nyuma ya kiti, akanyanyua kidevu. Ungemwona ungecheka. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mzee," akasema, kwa sauti nzito, "utaniletea mwanao?"

"Non, Kapteni," nikasema.

Mama yako akatikisa kichwa. Akasema haikutoka, imeishia kwenye meno, mtu wa mlangoni asingeisikia. Akaniuliza tena. Nikasema tena. Akaniuliza tena, na sasa machozi yanamshuka kwenye kile kidevu alichokinyanyua, lakini miguu hajaikunja na sauti hajaibadilisha.

Ananiita sasa. Anasema bado.

Baba yako